Kuandika maisha yako kupitia nyumba ulizoishi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayetaka kuandika kumbukumbu za maisha yake na hajui ashike wapi. Yamepangwa kwa kufuata kazi yenyewe, tangu orodha ya kwanza hadi kitabu kinapotoka kwa mchapaji. Mifano mingi ni ya nyumba za Tanzania na Kenya, lakini njia ni ileile kwa aliyelelewa Bujumbura au anayeishi Muscat.

Kwa nini nianze na nyumba badala ya miaka?

Kwa sababu kichwa hakiweki maisha kwa tarehe. Muulize mtu wa miaka sitini na tano alifanya nini mwaka 1979, atakuna kichwa. Muulize vita vya Kagera vinaisha kwao walikuwa wakikaa wapi, ataanzia barazani, atapita ukumbini, na chai haijapoa atakuwa ameshafika uani kwenye ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo. Nyumba huja na watu wake, vyombo vyake na maneno yaliyosemwa humo. Mwaka huja mtupu.

Faida ya pili ni ya kazi. Nyumba ina mwanzo na mwisho: siku mzigo uliposhushwa na siku ulipopakiwa. Anayeandika kwa kufuata umri hukwama utotoni, akawa na kurasa mia na bado hajaanza darasa la kwanza. Anayeandika kwa nyumba humaliza sura moja, akaiweka kando, akaanza nyingine, hata kama si inayofuata.

Wala si mbinu ya kuazima. Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliyechapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, alianza na Bet il Mtoni, jumba alilozaliwa kaskazini ya mji wa Zanzibar, na kuhama kwake kutoka jumba moja kwenda jingine ndiko kunakobeba sehemu kubwa ya utoto wake katika maandishi hayo.

Hii ina tofauti gani na tawasifu?

Tawasifu hudai maisha yote. Kumbukumbu huchagua. Ukiandika kwa nyumba una ruhusa ya kuruka miaka kumi uliyokaa mahali pasipokugusa, na msomaji hatakudai.

Naanzaje, hatua ya kwanza kabisa?

Kwa orodha. Andika kila mahali ulipolala kwa mwezi mmoja au zaidi. Usichuje bado. Nyumba ya bibi ulikopelekwa likizo imo, bweni limo, kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) imo, chumba cha kupanga kimo, na wodi uliyolazwa wiki sita imo pia. Mtu wa miaka hamsini aliyehamahama kidogo tu hupata mahali kati ya 10 na 20. Piga mistari ya safu tano: ilikuwa wapi, ilikuwa ya nani, waliishi nani, mlifikaje, mliondokaje.

Safu ya pili ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye habari nyingi kuliko zote. Kota ya kazini huenda na kazi: baba akistaafu au akifariki, familia inahesabiwa siku za kutoka. Nyumba ya kupanga ina mwenye nyumba, na tabia ya mwenye nyumba hujenga tabia ya watoto waliolelewa humo, kwa mfano wale waliozoea kunyamaza kila tarehe ya kodi inapokaribia. Jengo lililotaifishwa Tanzania Bara kwa sheria ya mwaka 1971 lina familia mbili zinazolikumbuka, iliyolipoteza na iliyopangishwa baadaye, na kila moja ina ukweli wake. Aliyehamishwa na Operesheni Vijiji, iliyowapeleka watu wa Tanzania Bara kwenye vijiji vya pamoja kati ya 1973 na 1976, hakuondoka kwa hiari yake, na safu ya tano lazima iseme hivyo.

Ukiona pengo, yaani miaka miwili isiyo na nyumba yoyote, usiijaze kwa kukisia. Zungushia kwa kalamu. Mara nyingi hapo ndipo palipotokea jambo ambalo familia haikulisema tena.

Nyumba zote hizo niziandike?

Hapana. Sita hadi tisa zinatosha kitabu. Nyumba inastahili sura ikiwa unaweza kuichora bila kuuliza mtu, ikiwa mtu aliyeingia humo hakutoka vilevile alivyoingia, na ikiwa kuna angalau mtu mmoja mwingine wa humo unayemkumbuka kwa sauti yake. Iliyokosa moja kati ya hayo hupewa ukurasa mmoja wa njiani kati ya sura mbili. Iliyokosa mawili, iache.

Msikimbilie nyumba nzuri. Nyumba iliyokuwa fahari ya familia huandikwa kama picha ya ukutani: imesimama, imenyooka, haisemi kitu. Chumba kimoja mlichojibana watu sita huandikika chenyewe.

Nimesikia kuna kuchora ramani ya nyumba. Inafanywaje?

Hii ndiyo nguzo ya kazi yote, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Chukua daftari la hesabu, lile la viboksi, na kila kiboksi kihesabiwe nusu mita. Chumba cha futi 10 kwa 12, yaani kama mita 3 kwa 3.7, kitakuwa viboksi 6 kwa 7. Tumia penseli. Usianze na kuta za nje. Anayeanza na mraba wa nje hujikuta anabana vyumba ili vienee, na kumbukumbu hubanwa pamoja navyo. Anza na mlango wa mbele, uingie kama ulivyokuwa ukiingia, chumba baada ya chumba, mpaka utokee nyuma.

Kwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita utapita baraza, mlango, ukumbi wa katikati wenye vyumba vitatu kila upande, kisha uani: jiko, choo, bafu, stoo, pengine banda la vijana. Kwa nyumba ya mawe ya Lamu utapita daka (kibaraza cha mlangoni), tekani (ukumbi wa kuingilia), kiwanda (ua wa ndani), misana (kumbi ndefu), ndani, mpaka nyumba kati (chumba cha ndani kabisa), na kila ukizidi kuingia ndivyo faragha inavyozidi. Vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba, kama mita 2.5 hadi 3, kwa kuwa upana wake unatokana na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Kwa kota, anza na ngazi au na bomba la maji la pamoja, maana maisha yalianzia pale.

Ukimaliza kuta, chora usiku. Hii ndiyo tunayoiita ramani ya kulala. Weka kila mtu mahali alipolala: kitandani, kwenye jamvi, kwenye mkeka, kichwa kikielekea wapi. Nani alilala na nani. Nani walilala mzungu wa nne kwa sababu kitanda kilikuwa kimoja. Nani alisubiri wageni waondoke ndipo atandike sebuleni. Dada wa kazi alilala wapi. Mjomba aliyekuja kwa wiki moja akakaa miaka miwili aliwekwa wapi, na nani aliondolewa ili yeye apate nafasi.

Halafu jibu maswali haya pembezoni mwa karatasi: nani alishika ufunguo, nani alizima taa ya mwisho, nani aliamka wa kwanza na alielekea wapi, na nini kilisikika kupitia ukutani. Hilo la mwisho usilipuuze. Katika nyumba isiyo na dari, kuta za ndani huishia chini ya bati na maneno hupita juu yake, kwa hiyo watoto walijua hali ya fedha ya wazazi bila kuambiwa.

Sasa chora ramani nyingine ya nyumba ileile kwa kila mara mpangilio wa kulala ulipobadilika: mtoto alipozaliwa, kijana alipohamishiwa banda la uani, bibi alipoletwa kuuguzwa, mke wa pili alipoingia, baba alipoanza kulala chumba cha mbele peke yake. Nyumba moja huwa na ramani tatu hivi. Ziweke ubavu kwa ubavu. Pale zinapotofautiana ndipo sura yako ilipo, kwa maana hakuna anayebadilisha pa kulala pasipo sababu, na sababu hiyo ndiyo ambayo hukuelezwa ukiwa mdogo.

Ramani moja huchukua kama saa nzima. Zisizidi mbili kwa siku, kwani kazi hii huchosha kuliko inavyoonekana.

Sikumbuki ukubwa wa vyumba. Nifanyeje?

Pima kwa vitu ulivyovijua. Kitanda cha nne kwa sita ni rula nzuri: viliingia vingapi chumbani, na palibaki nafasi ya kufungua mlango? Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75. Hesabu madirisha, hesabu boriti ulizozitazama ukiwa na homa, hesabu mistari ya bati.

Chumba ulichokiacha ukiwa na miaka saba hutoka kikubwa kupita kiasi kwenye karatasi. Usikisahihishe kwa kukikata tu. Andika vipimo viwili, cha mtoto na cha mtu mzima, uvitumie vyote kwenye maandishi.

Taja vitu kwa majina yake. Ukuta wa fito uliokandikwa udongo si sawa na wa matofali ya kuchoma, na makuti si sawa na paa la madebe yaliyokunjuliwa. Kibatari, chemli na karabai hutoa mwanga tofauti, harufu tofauti na gharama tofauti ya mafuta. Ukiandika "taa" umeyafuta yote matatu.

Miaka inanichanganya. Nitajuaje tulihamia lini?

Anza na makaratasi kabla ya kichwa: cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo au cha ndoa, kadi ya kliniki, ripoti za shule, stakabadhi za kodi, bahasha za barua. Bahasha ina muhuri wa posta wenye tarehe, na ina sanduku la posta. Tahadhari moja: sanduku la posta mara nyingi lilikuwa la mwajiri, la shule au la kanisa, kwa hiyo linaonyesha barua zilipopokelewa, wala si mlipolala.

Pasipo makaratasi, tumia matukio. Vita vya Kagera ni 1978 na 1979. Mvua za El Niño ni mwishoni mwa 1997 hadi 1998. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya mfumo wa chama kimoja ni 1992 Kenya na 1995 Tanzania. Mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi Kenya, ulianza 1985. Televisheni ilianza Zanzibar 1973, lakini Tanzania Bara ilibidi kungoja hadi 1994, kwa hiyo anayekumbuka kujazana dirishani kwa jirani Magomeni, Dar es Salaam, kutazama kituo cha hapa nyumbani yuko mwaka huo au baadaye.

Kwa familia ya Kiislamu kuna kipimo kizuri zaidi. Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka na huzunguka majira yote kwa takriban miaka 33. Ukikumbuka mmefuturu huku masika yakipiga bati, na ilikuwa Aprili, basi ni miaka kama 1988 au 1989, au 2021 na 2022. Mtoto aliyezaliwa 1980 hawezi kuchanganya hizo mbili.

Baada ya yote hayo ukibaki na shaka, andika "kati ya 1988 na 1990". Tarehe ya kubuni iliyoandikwa kwa uhakika huja kuonekana na dada yako mkubwa, na tangu hapo haamini ukurasa mwingine wowote.

Nirudi kuitazama nyumba yenyewe?

Ndiyo, ila chora kwanza. Hili hatulegezi. Ukiiona nyumba leo, ikiwa na vigae, geti na rangi mpya, picha mpya hukaa juu ya ile ya zamani na huwezi tena kuzitenganisha. Ramani zote za nyumba hiyo ziwe zimekamilika na kuandikwa tarehe kabla hujapanda basi.

Ukifika, usipige hodi moja kwa moja ukiwa umeshika kamera. Pitia kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, jieleze, utaje majina ya wazazi wako na majirani wa wakati ule. Mtu anayeuliza habari za kiwanja hutiliwa shaka haraka, na wenyeji wana haki ya kuogopa, kwani wengi wamewahi kuona mgeni akipima kwa macho na baada ya miezi kumetokea kesi. Sema wazi kwamba hudai chochote. Usiende mikono mitupu; sukari kilo mbili ni heshima, haina sura ya rushwa. Ukikaribishwa ndani, usipige picha vyumba vya watu. Omba uani na barazani tu. Kaa robo saa bila kuandika, usikilize. Sauti ya mtaa hubadilika polepole kuliko kuta: adhana kutoka upande uleule, treni, kinu cha kusaga.

Nenda mara mbili ukiweza, asubuhi na saa kumi na mbili jioni.

Na kama imebomolewa?

Tafuta kisichobomoka: mwembe, mnazi, kisima, mfereji, jiwe la kuvukia, msikiti wa jirani. Simama hapo, uigeukie nyumba isiyokuwepo, uchore. Picha za satelaiti za miaka ya nyuma, zinazopatikana bure kwenye programu za ramani, kwa miji mikubwa huanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zinaonyesha paa, na paa linatosha kukupa upana na mwelekeo. Kwa majengo ya serikali, kota na kambi za mashamba, kuna Nyaraka za Taifa Dar es Salaam na Nairobi, na za Zanzibar zilizopo Kilimani. Kumbukumbu za serikali kwa kawaida hufunguliwa kwa umma zikitimiza miaka 30. Peleka jina la mtaa au shamba na miaka unayoitafuta. Ukiomba "habari za nyumba yetu" utarudi mikono mitupu.

Anayeishi mbali, Toronto au Leicester, amwombe ndugu atembee na simu kwenye video kwa mwendo wa polepole, mlango hadi uani, bila kueleza chochote. Maelezo ya ndugu yaje baadaye, la sivyo utaandika nyumba yake.

Ndugu zangu wanakumbuka tofauti na mimi.

Vizuri sana. Mpe kila mmoja karatasi yake achore peke yake ramani ya kulala, kabla hajaona yako. Msikae wote mezani kwa pamoja, maana mkubwa atasema na wadogo watakubali. Kisha hojini mmoja mmoja, saa moja kila mtu, simu ikirekodi kwa ruhusa yake. Saa moja ya kurekodi huhitaji saa nne hadi sita za kuichapa neno kwa neno, kwa hiyo usirekodi saa ishirini ukidhani utazimaliza wikendi.

Usiulize "maisha yalikuwaje?" Utajibiwa "yalikuwa magumu lakini tulimshukuru Mungu", na mazungumzo yameisha. Uliza "dirisha la chumba chako lilitazama wapi?", "mswaki wako uliuweka wapi?", "ukichelewa kurudi nani alikufungulia?"

Mkitofautiana juu ya jambo la kupimika, kama idadi ya vyumba, tafuteni jibu. Mkitofautiana juu ya jambo la moyoni, wekeni matoleo yote mawili kitabuni, kila moja na mwenyewe. Kifungua mimba na kitinda mimba waliishi nyumba mbili tofauti chini ya paa moja.

Nimeandika sura, lakini inasomeka kama tangazo la dalali.

Ni kosa linalotokea kuliko jingine lolote. Tazama mfano huu wa kubuni:

"Nyumba yetu ya Chang'ombe ilikuwa na vyumba vitatu, sebule kubwa na ua wenye mpera. Tuliishi humo kwa furaha tangu 1986."

Hakuna kosa la lugha, na hakuna mtu. Mwandishi amemtembeza msomaji kama mpangaji. Sasa mfano huohuo ukianzia kwenye ramani ya kulala:

"Saa nne usiku Mama aliisukuma meza ya sebuleni mpaka ikagusa ukuta, akakunjua jamvi. Tulilala watatu, mimi katikati, miguu ya Shangazi usoni kwangu. Chumba cha tatu kilifungwa kwa kufuli. Kilikuwa cha kaka yetu aliyekwenda kusoma Urusi, na Baba alisema kitamsubiri. Kilimsubiri miaka minne. Mpera ulipozaa, Mama aliweka mapera mawili kwenye sahani dirishani mwa chumba kile, na asubuhi akayatoa."

Vyumba vimetajwa, sebule imetajwa, mpera umetajwa, ila kila kimoja kimetajwa kwa sababu mtu amekigusa. Kanuni ya kusahihishia ni rahisi: pitia rasimu na upige mstari chini ya kila sentensi yenye "ilikuwa na" au "kulikuwa na". Zikizidi tatu katika ukurasa, chagua moja ibaki, nyingine mpe mtu azifanye kwa mikono yake. "Kulikuwa na mlango mzito wa mvule" inakuwa "mlango wa mvule tuliusukuma wawili".

Kosa la jirani yake ni kumwaga hisia mahali pa vitu: "nyumba iliyojaa upendo". Futa. Sema ni nani alimwachia nani mnofu.

Kuna siri, na kuna mgogoro wa kiwanja. Niandike?

Hayo ni mambo mawili, na la pili ni la hatari zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Kama mirathi haijagawanywa au kuna kesi, usiandike popote kwamba nyumba au kiwanja ni cha fulani. Kitabu kilichochapwa ni maandishi, na maandishi yanaweza kuletwa mbele ya baraza la ardhi na upande wowote. Andika ulichokiona: nani alichimba msingi, nani alifyatua matofali, nani aliishi humo miaka gani. Usihukumu umiliki. Ukishindwa kujizuia, mwonyeshe wakili sura hiyo moja kabla ya kuchapa.

Kwa siri, jiulize kama ni yako. Iliyo yako una haki nayo. Iliyo ya mama yako aliye hai, mpelekee kurasa hizo umsomee kwa sauti, usimtumie kwa simu. Wapangaji wenzenu mliopakana ukumbi mmoja nao wana haki. Kubadilisha jina pekee hakuwafichi, kwa maana mtaa mzima unajua chumba cha pili kushoto alikaa nani. Badilisha chumba, kazi na idadi ya watoto, kisha useme mwanzoni mwa kitabu kwamba umebadilisha.

Sura nizipange vipi?

Kwa mfuatano wa kuhama ndiyo njia salama. Njia ya pili ni kuanza na nyumba ambayo hamkupenda kuiacha, kisha kurudi nyuma. Inafaa kama maisha yako yamekatika vipande viwili, kwa mfano aliyeondoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964 au aliyeondoka Bukavu, Kongo, na mtoto mgongoni. Njia ya kupanga kwa vyumba, yaani majiko yote pamoja na mabaraza yote pamoja, huvutia kwenye mpango lakini humchosha msomaji haraka, kwa sababu watu wanazaliwa na kufa kila sura upya.

Kila sura ianzie ndani, watu wakiwa wamekwisha zoea nyumba. Siku ya kuhamia iwekwe katikati au mwisho. Sura sita zote zikianza na lori la mizigo, msomaji atakimbia kwenye la tatu.

Niandike kwa Kiswahili sanifu au kama tulivyosema nyumbani?

Masimulizi kwa Kiswahili chako cha kawaida, mazungumzo kama yalivyosemwa. Kama bibi alisema Kichaga, acha sentensi yake ya Kichaga na maana ijulikane kwa alichokifanya baadaye. Majina ya sehemu za nyumba usiyasanifishe. Aliyesema msalani asiandikiwe chooni, na wa Nairobi aliyekaa ploti aendelee kukaa ploti.

Kitabu kiwe na urefu gani, na kitachukua muda gani?

Sura nane za maneno 4,000 hadi 5,000 hufanya maneno 32,000 hadi 40,000. Kwenye karatasi ya A5, herufi za ukubwa wa 11, ukurasa hubeba kama maneno 250, kwa hiyo ni kurasa 130 hadi 160 kabla ya picha. Ukiandika maneno 500 kwa kikao, vikao vitatu kwa wiki, rasimu ya kwanza huisha kwa miezi sita hivi. Ongeza miezi mitatu ya kusahihisha. Hifadhi nakala tatu: kompyuta au simu, kadi ya kumbukumbu inayokaa nyumba nyingine, na barua pepe. Simu huibiwa na madaftari huliwa na mchwa.

Kuchapa je?

Kwa nakala 30 hadi 100 za ukoo, chapa kwa mashine ya kidijitali. Mashine ya ofseti huanza kulipa ukifika mamia kadhaa. Omba nakala moja ya majaribio na uisome nzima kwenye karatasi. Makosa ya majina huonekana hapo, na kosa kwenye jina la marehemu ni kosa ambalo familia haisahau. Idadi ya kurasa igawanyike kwa nne, la sivyo utalipia kurasa tupu. Ukitaka kukiuza, omba ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu: Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya na Huduma ya Maktaba ya Taifa.

Weka ramani kitabuni, moja mwanzoni mwa kila sura, ileile ya penseli. Usimpe fundi aichore upya kwa kompyuta. Mstari uliotetemeka unaonyesha pale uliposita.

Picha za zamani nizishughulikieje, na makaratasi yote baada ya kitabu?

Skani kwa nukta 600 kwa inchi. Usipokuwa na skana, weka picha karibu na dirisha lisilopigwa na jua, simu iwe sambamba nayo, flashi imezimwa. Picha iliyoganda kwenye albamu ya gundi usiivute. Ipige ikiwa palepale, au pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma yake taratibu kutoka pembeni.

Ramani, kanda za sauti na barua zifungwe pamoja kwa nyumba, bahasha moja kila nyumba, na umpe mtu mmoja wa kizazi kinachofuata, ukimtaja kwa jina mbele ya wengine. Nyuma ya kila picha andika waliomo, nyumba na mwaka, kwa penseli laini. Kalamu ya wino hupenya na kutokeza upande wa pili, na baada ya miaka michache hukaa kwenye nyuso za watu.